Msalimie Wifi: Namna ya Kumwambia Mtu wa Mtandaoni Kuhusu Hobi Yako

Dada mmoja wa Sakina, Arusha, aliniacha kwa kosa la kuwa na mke. Sina mke, na sijawahi kuwa naye. Nilichokuwa nacho ni darubini.

Tulikutana Badoo, ule mtandao wa kutafuta wapenzi, siku ya pili tukahamia WhatsApp, tukachati miezi mitatu. Mchana nilikuwa mtu wa maana: salamu ya asubuhi, sauti ya saa saba, picha ya chipsi zangu pale Mbuyuni, Moshi, kwenye kibanda ninachotengenezea simu. Ikifika saa mbili usiku natoweka, simu haipatikani. Kesho yake nikiulizwa nasema nilikuwa na kazi, au chaji iliisha. Mimi, fundi simu, chaji imeniishia! Kumbe niko uani Pasua, nimeinamia darubini, na simu nimeizima kwa makusudi. Macho ya mtu huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa, na kioo cha simu kikiwaka kidogo tu unaanza upya. Sababu hiyo ningeitoa, yangeisha. Sikuitoa. Niliona haya: mwanaume wa miaka 34, hana kiwanja, anakesha na sayari ya Zohali.

Meseji yake ya mwisho ninayo mpaka leo: "Kaka, msalimie wifi."

Kwa hiyo haya nayaandika nikiwa nimeshalipa ada. Ni ya wenzangu wenye kitu cha namna hiyo. Kuna anayecheza chesi na watu asiowajua mpaka adhana ya alfajiri, kuna anayechora vikatuni vya Kijapani, kuna mwenye daftari la ndege aliowaona tangu Marangu hadi Arusha Chini. Watu ambao nyumbani huambiwa "acha hayo, tafuta hela."

Kabla hujaandika neno lolote kwenye profaili, kaa chini upige hesabu tatu: saa, hela na nafasi. Hobi yenyewe mara nyingi haimkwazi mtu. Kinachomkwaza ni saa inazokula, hela inazomeza na kona ya chumba inayoijaza. Ukimwambia mtu "huwa naangalia nyota mara mojamoja" halafu akakuta ni usiku tisa kwa mwezi, umedanganya, hata kama nyota ni za kweli.

Yangu yalikuwa hivi. Desemba hadi Februari, mbingu ikiwa safi, ni usiku nane hadi kumi kwa mwezi. Machi masika yanaanza, napumzika. Juni na Julai ni karibu sifuri, kwa sababu mawingu ya mlimani yanakaa juu ya Moshi kama blanketi, na mpenzi wa majira hayo atadhani nimeokoka. Hela: darubini niliinunua laki tano na nusu kwa mzungu aliyekuwa anamaliza kazi ya kujitolea hapa mjini akaona haimo kwenye kilo zake za ndege. Nafasi: ikiwa juu ya miguu yake mitatu inanifika kifuani, na chumba changu ni kimoja.

Hiyo ya hela usiifiche, hasa kwa huku kwetu. Uchagani kitu cha laki tano na nusu kisichotaga wala kukamuliwa ni kesi ya ukoo. Desemba watu wote wakiwa wamerudi nyumbani, baba mdogo aliizunguka ile darubini mara mbili, akauliza: "Na hii inaingiza shilingi ngapi?" Mtu unayetaka kuishi naye atauliza hilohilo siku moja. Bora alijue wakati bado anacheka.

Sasa profaili. Mara ya kwanza niliandika "Napenda nyota." Wiki hiyo wanawake watatu waliniandikia kwamba wao ni Mizani, je, tutaendana. Mwingine aliuliza nasafisha kwa shilingi ngapi. Nilikaa kama dakika nzima ndipo nikakumbuka vile vibao vya waganga kwenye nguzo za umeme: kusafisha nyota, kurudisha mume, kupata kazi. Mmoja alinieleza kwa kirefu kwamba nyota yake imefunikwa na mama mkwe wa zamani. Nilimhurumia kweli, lakini kifuniko hicho lenzi zangu hazikifikii.

Mara ya pili nikaona nipande ngazi. Nikaandika "Mpenzi wa ulimwengu na siri zake." Alijibu mmoja tu. Aliuliza kama ni kanisa jipya na ibada ni saa ngapi.

Mara ya tatu ndiyo iliyofanya kazi: "Mchana natengeneza simu. Usiku usio na mawingu nipo uani na darubini yangu, natazama mwezi na sayari, simu nimezima." Haina urembo. Ila angalia ilichobeba: kifaa, mahali, saa, na lile jambo litakalomuudhi, yaani simu kuzimwa, limetajwa waziwazi. "Napenda" ni neno la kila mtu. Kila mtu anapenda muziki, safari na watu wacheshi. Taja kitu unachokishika mkononi na saa unapokishika. Rafiki yangu wa chesi alikuwa ameandika "napenda gemu", akawa anapata wenzake wa kubeti. Tulipobadilisha ikawa "Jumapili mchana nacheza chesi kwenye simu kama saa tatu hivi, na nafungwa sana." Hiyo "nafungwa sana" ndiyo iliyomletea watu. Anayekiri kufungwa haonekani kama anakuja kutoa mhadhara.

Picha ya kwanza iwe uso wako. Hili nalisema haraka maana ni dogo, lakini nilikosea: niliweka darubini peke yake, nikaulizwa kama ni silaha, na jamaa mmoja, sijui hata alinifikiaje, akauliza naliuza lile bomba bei gani. Iliyokuja kunisaidia ni picha ya mchana, mimi nimesimama pembeni, mama mwenye nyumba anachungulia kwenye lenzi, kanga begani. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuiweka. Alisema niweke, ila nisiseme anatafuta mchumba.

Mama huyo hakuanza hivyo. Mwezi wa kwanza wa darubini alimleta mjumbe. Nilikuwa nasimama uani saa nne usiku, kichwani nimejifunika kitambaa cheusi ili taa ya jirani isinipige machoni, nimetulia kimya. Jiweke mahali pake. Mjumbe alibisha hodi kwa sauti ya mtu anayeogopa kujibiwa. Nikamwita, nikamwonyesha mwezi. Alikaa pale muda mrefu, akaondoka bila kuaga, akarudi na mkewe, na nyuma yake watoto wa nyumba tatu. Mpaka leo nikikutana naye dukani ananiuliza habari za mwezi kama anauliza habari za mgonjwa.

Hiki kisa ndicho ninachokitoa mapema kwenye chati, mimi mwenyewe, kabla mtu hajaanza kujiuliza. Kila hobi ina shaka yake. Mwenye nyaya na betri mezani atadhaniwa anatengeneza kitu kibaya. Anayeshinda na katuni ataambiwa hajakua. Ijue ya kwako, ianze wewe kwa kicheko. Ila kama mtu anaogopa kweli, usimcheke yeye. Kuna aliyeniambia bibi yake aliumizwa kwa kusingiziwa uchawi na hataki mume wa kusimama gizani. Hapo hakuna utani. Nilimwomba radhi kwa kisa changu, tukaagana vizuri.

Lini useme? Sio kwenye "mambo, poa." Salamu zetu zina mpangilio, na ukiuruka unaonekana una haraka ya kitu. Unaishi wapi, unafanya kazi gani, nyumbani ni wapi, mko wangapi kwenu. Baada ya hapo linakuja swali ambalo karibu kila mtu huliuliza: "Na jioni huwa unafanya nini?" Huo ndio mlango. Mimi kwa miezi mitatu niliupita nikisema "nipo tu." Usiupite. Na ukifika siku ya saba haujafunguliwa, ufungue mwenyewe, kabla hamjaonana uso kwa uso, kwa sababu mkishaonana atahisi amenunua bidhaa ambayo kibandiko chake kilikuwa kimebanduliwa.

Kiasi gani useme? Hapa ndipo sisi watu wa aina hii tunapojiua. Kuna dada wa hospitali ya KCMC, mtu mwelewa, aliniuliza tu: "Darubini yako ni ya aina gani?" Nikamjibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba. Nilianza na Newton, aliyetengeneza darubini ya kioo ya kwanza mwaka 1668 kwa sababu lenzi za zama zake zilikuwa zinatawanya rangi. Nikaja kwenye kioo changu, kipenyo chake milimita 130. Nikaendelea na namna ya kukiweka sawa kikihama. Alijibu kesho yake mchana: "Nimefika dakika ya pili, nitamalizia nikipata bando." Mpaka leo hajalipata.

Kanuni yangu sasa ni sentensi mbili, kisha swali. "Ni darubini ya kioo, inaniruhusu kuona miezi minne ya sayari ya Mshtarii kama vidoa vimepangana mstari, na kesho yake vimehamahama. Wewe una kitu gani ambacho ukianza husikii ukiitwa kula?" Akitaka zaidi ataomba. Na akisema "hee, hongera" akabadilisha mada, hajakutukana. Mwachie abadilishe.

Mkutano wa kwanza usiwe wa hobi. Hili ni la lazima zaidi kwetu sisi wa usiku. Mwanaume unamwandikia mwanamke msiyejuana, "njoo usiku nikuonyeshe nyota," hata kama moyo wako ni mweupe kama theluji ya Kibo, sentensi hiyo imeshatumiwa na wengi wenye nia nyingine. Na wewe dada, ukiandikiwa hivyo, kataa. Mwenye darubini ya kweli ataelewa na ataipenda akili yako. Kutaneni mchana, penye watu. Mimi napendelea mgahawa wowote karibu na Mnara wa Saa, kwa sababu akitaka kuondoka daladala na bajaji ziko palepale.

Akitaka mwenyewe kuona, chagua mwezi wenye siku ya sita hadi ya nane tangu kuandama. Watu hudhani mwezi mpevu ndio mzuri. Sivyo. Ukiwa mpevu jua linaupiga usoni moja kwa moja, vivuli havipo, unaonekana kama sahani. Ukiwa nusu, pale giza linapokutana na mwanga kila shimo lina kivuli chake na milima inasimama. Tena mwezi wa nusu hiyo unakuwa juu kabisa jua linapozama, na huku kwetu karibu na ikweta giza halichelewi: saa moja na nusu mmeanza, saa tatu mmemaliza, na usafiri bado upo. Fanyia pale ambapo kuna watu wengine, uani mama mwenye nyumba akisonga ugali wake, au kwenye bustani ya hoteli ukiomba ruhusa. Kwenda kule chini upande wa TPC, kwenye mashamba ya miwa, ambako giza ni zuri kuliko mjini, hiyo ni safari ya watu wanaojuana tayari, na muwe zaidi ya wawili.

Wala usiahidi. Novemba 2025 nilimwahidi mtu pete za Zohali. Nilijua vizuri kwamba kila baada ya miaka kama 15 pete hizo hutugeukia kwa ubavu, na kwamba 2025 ndio ulikuwa mwaka wenyewe, lakini nilitaka kusifiwa, nikajisemea labda zitaonekana kidogo. Vuli ilituachia upenyo wa mawingu wa nusu saa. Akaweka jicho. Kimya. Kisha: "Naona punje ya mtama iliyochomwa sindano." Ndivyo ilivyokuwa hasa, sikuwa na cha kubisha. Nikamwambia ukweli wote hapohapo, kwamba nilijua. Akaniangalia, akasema, "Kwa hiyo ulinivuta kutoka Arusha, kilomita 80, kwa sindano."

Huyo ndiye niliye naye sasa, kwa hiyo nieleze alivyopatikana, maana upande wa pili wa jambo hili ni kupokea cha mwenzako.

Aliniandikia kwa sababu ya ile picha ya mama mwenye nyumba. Hakuuliza darubini. Hakuniuliza mimi. Aliuliza: "Samahani kaka, kanga ya huyo mama imeandikwaje? Nimekuza picha naona nusu tu." Profaili yake ilisema: "Naandika majina ya kanga. Daftari la tatu. Hela ya saluni huishia dukani." Kifaa, kiasi, hela. Mtu huyu hakuhitaji mwongozo wangu. Nilitoka nje nikamwomba mama akunjue kanga, nikanakili maneno, nikayatuma. Akaniuliza pindo lake rangi gani na mji una maua au embe. Ndipo nilipojua kwamba kanga ina mji, pale katikati, na pindo linalouzunguka, na jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa, na kwamba mtu anaweza kukesha na hayo kama mimi ninavyokesha na Mshtarii.

Nikataka kumfurahisha. Nikamtumia picha ya shati langu: "Na mimi nina kanga!" Akajibu: "Hicho ni kitenge, kaka. Soma jina lake nisikie." Halikuwepo, kwa sababu kitenge hakina.

Usijifanye unakipenda cha mwenzako. Hili ndilo gumu, maana kwenye kutongoza tumezoea kuitikia kila kitu. Aliponiletea madaftari, la kwanza nililisoma lote, nilicheka sana. La pili nilianza kuona maandishi tu. Ningeweza kuendelea kutikisa kichwa. Nikamwambia, "Nimechoka, mengine kesho." Alifunga daftari, akasema hata yeye alichoka dakika kumi zilizopita, alikuwa ananisubiri mimi. Halafu aliuliza swali ambalo sikulitegemea: zile nyota ndogo zilizobanana kama vifaranga, naziitaje? Nikasema Kilimia. Akanipa maneno ya bibi yake wa Tanga: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilikuwa nimeitazama Kilimia miaka minne, nimezihesabu nyota zake kwenye lenzi, na sikuwahi kuwaza kwamba jina hilo linahusu kulima.

Wengine watakataa, na ndiyo faida yenyewe. Wa Himo aliniambia kwa dakika nne: "Mimi nalala saa tatu, na sitaki mwanaume wa uani." Nikamshukuru. Linganisha na miezi mitatu ya Sakina, bando zake na zangu. Huyo wa Sakina nilikuja kumtumia baadaye picha ya darubini imesimama pale uani, nikaandika chini: "Wifi anakusalimia." Alikuwa ameshachumbiwa. Alituma vicheko mstari mzima, kisha: "Sasa kaka si ungesema?"

Vitu vidogo vya kumalizia. Funika tochi ya simu kwa karatasi nyekundu ya nailoni, mwanga mwekundu hauharibu sana macho yaliyozoea giza, na mwenzako ataiona njia asijikwae kwenye beseni. Mwambie aje na sweta, hata kama mchana kulikuwa na joto. Weka kiti, kwa sababu asiyezoea kuinama huchoka mgongo kabla hajaona kitu. Januari tulikuwa na Mshtarii upande wa mashariki mapema tu usiku, vidoa vyote vinne, na taa ya jirani ikawa inatupiga kama kawaida. Kile kitambaa changu cheusi alikikataa, akasema ndicho kilichomleta mjumbe. Akanifunika kanga. Jina lake amenikataza nisiliandike hapa.